Kamati ya Vidole Saba

Hapo zamani za juzi palikuwa na nchi moja ambayo sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Jina lake lilihifadhiwa kwenye mashine kubwa ya Wizara, pamoja na majina yetu sote, na siku kona moja ya mashine ile ilipoungua, jina la nchi likaungua nalo. Hadi leo barua za serikali huanza na "Jamhuri ya", kisha nafasi tupu, na kila mtu hujaza kwa kalamu anavyokumbuka.

Nakala ilikuwepo, msiwalaumu. Ila iliwekwa ndani ya mashine ileile, kwenye kona ileile, ili visiachane.

Mimi ni Mwajabu, mjane wa marehemu Pazi, wa Kata ya Mkwiji. Nilifika Wizarani Jumatatu asubuhi kuulizia zahanati yetu. Tulikuwa nayo, ya matofali, yenye mlango wa buluu na muuguzi aitwaye Sista Angelista. Mwaka juzi Sista alipata barua kwamba anahamishwa kwa sababu Mkwiji hakuna zahanati. Aliisoma barua hiyo akiwa amesimama kwenye ngazi za zahanati. Akafunga mlango kwa kufuli, akanikabidhi maua yake ya kwenye kopo niyamwagilie, akaenda.

Miezi miwili baadaye binti yangu Sikudhani alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Tulimpakia kwenye tela la trekta kumpeleka hospitali ya wilaya. Damu ilimtoka njia nzima. Yeye Mungu alituachia, mtoto hakutuachia. Sasa ana mimba ya pili, na nilipotoka nyumbani Jumatatu ile alikuwa amebakiza siku za kuhesabu kwa vidole. Nilimwahidi kwamba nitarudi jioni, na kwamba nitamkanda kwa maji ya moto siku zote arobaini.

Dada wa mapokezi alikuwa mwungwana, alinipa kiti kabla sijaomba. Aliniuliza kama mimi ni mwananchi wa kawaida. Nikamwambia sijawahi kuwa kitu kingine. Akauliza kama nina ndugu serikalini. Nikasema nilikuwa na shemeji aliyefagia mahakamani, lakini amekufa. Dada yule alifumba macho kama mtu anayeshukuru, akanyanyua simu, akasema, "Amepatikana."

*

Kumbe walikuwa wakinitafuta, au wakimtafuta mtu kama mimi, kwa wiki tatu. Baada ya moto Wizara hatimaye iliamua kununua programu ya kompyuta ya kutunza nakala na kurejesha vilivyopotea. Ni jambo la busara. Hata sisi mahindi ya mbegu tunayafunga juu ya moshi wa jiko, mbali na ghala, ili ghala likiungua tusife na njaa mwaka unaofuata. Sheria ilitaka programu ichaguliwe na kamati ya watu saba, na wa saba awe mwananchi wa kawaida.

Walionitangulia walikuwa hawa. Mwenyekiti, Daktari Mhandisi Kwilasa, mtu mnene mwenye sauti nzuri ya mazishi. Katibu, Bi Stamili, aliyeandika kila kitu hata kikohozi. Fundi Ezra, aliyeijua mashine. Na wajumbe watatu ambao kazi yao ilikuwa kuafiki.

Tulipoingia chumbani walichukua simu zetu, wakatujazisha fomu, pamoja na mahali pa kuandika mtu wa kuarifiwa endapo mjumbe atafariki. Nikamwandika jirani yangu Bi Kilua na namba yake. Kisha kila mmoja akaweka kidole kwenye kitufe cha mlango, taa yake ikawaka kijani, mlango ukajifunga kwa sauti ndogo, kama mtu aliyemeza mate.

Mwenyekiti akasimama kutufafanulia. Alisema rushwa ni adui wa haki, na kwamba yeye mwenyewe, kwa mkono wake, aliandika Sheria ya Uadilifu wa Tathmini. Kwa sheria hiyo kamati hufungiwa ndani mpaka wote saba watie sahihi kwenye taarifa ya mwisho, na baada ya sahihi mlango hufunguliwa kwa vidole vyote saba, vilevile vilivyoufunga. Hakuna ufunguo. Hata Rais hana.

"Na mtu akiugua?" nikauliza.

"Kifungu hicho kiko kwenye rasimu," alisema Mwenyekiti.

Wajumbe watatu waliafiki.

*

Tathmini ilikuwa na vigezo arobaini. Tulitoa alama kwa rangi ya maboksi ya programu, kwa uzito wa vitabu vya maelekezo, kwa jinsi wauzaji walivyovaa na kusalimiana. Programu zilikuwa tatu: Ngao, Pacha na Yote. Wauzaji walikuwa wamekwisha kuzifunga kwenye mashine miaka mingi nyuma, kwa majaribio, wakati kamati ikisubiri kuundwa. Nilipewa kalamu mpya na karatasi za alama, na Fundi Ezra akanionyesha kwa upole mahali pa kuweka vema.

Mimi nilisoma darasa la watu wazima nikiwa na miaka arobaini, hivyo nilikwenda polepole. Nilipofika mwisho nikauliza swali moja tu. Nikauliza: kitu kikipotea, kinarudi?

Mwenyekiti alinieleza kwamba swali hilo ni zuri lakini si kigezo. Lilikuwepo kama kigezo cha arobaini na moja, ikiwa muda utaruhusu. Bi Stamili, bila kuinua uso, alisoma kwamba kwa kifungu cha sita swali la mwananchi wa kawaida ni lazima lijaribiwe. Mwenyekiti alionekana kujutia kuandika kifungu cha sita.

Ili kujaribu kama kitu kinarudi, ilibidi kwanza kitu kipotee. Fundi Ezra alipendekeza watumie watu wa mfano, majina ya kubuni. Lakini majina ya kubuni huidhinishwa na Idara ya Mifano, na Idara ya Mifano ilikuwa likizo. Ndipo Mwenyekiti akasema kwamba, kwa heshima ya mwananchi wa kawaida aliyeuliza swali, ifutwe kata yake. Wakanipigia makofi. Nami nikainama kushukuru, maana sikuwa nimeelewa bado.

Fundi Ezra aliniangalia kidogo kabla ya kubonyeza. Kata ya Mkwiji ikafutika yote, watu elfu nne mia mbili na ng'ombe wao. Jina langu likatoka kwenye orodha ya kamati iliyoonekana kwenye kioo cha mashine, na pale mlangoni taa yangu, ya saba kwenye mstari, ikazima. Kidole changu hakikuwa cha mtu.

Bi Stamili akaandika kwamba kamati imebaki na wajumbe sita na haiwezi kuamua. Na kwa kuwa haiwezi kuamua, haiwezi kutoka. Mwenyekiti aliniomba nisiseme kitu kwa muda huo, kwa kuwa sipo.

*

Kesho yake wakajaribu Ngao. Ngao ilikuwa na nakala moja tu, ya miaka kumi na miwili iliyopita, na tangu hapo ilikuwa ikijiandaa kwa ya pili. Mkwiji ikarudi kama ilivyokuwa wakati huo. Mabati yakawa makuti. Sikudhani akawa mwanafunzi wa darasa la sita, na mimba yake ikatajwa kuwa kosa la kuandika. Na mume wangu Pazi akawa hai.

Mwenyekiti alinipa mkono wa pongezi. Kidole changu hakikufanya kazi, kwa kuwa vidole tuliandikishwa miaka sita tu iliyopita, lakini jina la Pazi lilikuwa pale kwenye kioo, na kazi yake, mkulima, na neno "hai". Bi Stamili alikizungusha kioo kikanielekea, akasema anahitaji dakika kumi za kutafuta kalamu. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Nikakaa nalo jina lile. Mchango mdogo wa katibu kwa mjumbe, lakini sitausahau.

Kisha, ili programu zote zitendewe haki sawa, ilibidi Mkwiji ifutwe tena. Nikawa mjane mara ya pili kabla ya chai ya saa nne.

Pacha ilirudisha watu wote, wawili wawili. Mlango ukasema kidole changu ni cha Mwajabu wawili na ukaomba tukubaliane nani atoke kwanza. Nikapewa fomu ya maridhiano, nisaini pande zote mbili. Nilipomaliza upande wa kwanza wakagundua kwamba upande wa pili unahitaji shahidi kutoka kwa Mwajabu mwingine. Wakatufuta sote wawili.

Siku hiyo niliweka kichwa mezani. Nilikuwa nafikiria tumbo la Sikudhani lilivyokuwa limeshuka. Fundi Ezra alinifunika sweta lake begani, na mmoja wa wajumbe wa kuafiki akanisogezea biskuti yake, ambayo alikuwa ameitunza tangu Jumatatu.

*

Yote ikajaribiwa Jumatano mchana. Ilikuwa ikichukua nakala kila saa kwa miaka mitatu, na nakala zake ilizitunza mbali, katika nyumba nyingine. Nilipolisikia hilo nikasema moyoni, hawa wana mama aliyewafunza.

Mkwiji ilirudi mtu mmoja mmoja. Pazi alirudi marehemu, na tarehe yake sahihi. Sikudhani alirudi mjamzito. Taa ya saba mlangoni ikawaka kijani, na wote wakapumua. Fundi Ezra akaendelea kusoma kwenye kioo.

"Zahanati ya Kata ya Mkwiji, ipo. Iliondolewa mwaka juzi mwezi wa sita. Kiwanja kilibadilishwa matumizi kuwa makazi binafsi. Aliyeondoa..."

Hapo aliacha kusoma. Lakini sote tulikuwa tunatazama kioo kilekile, na mashine huandika pia kidole kilichobonyeza. Wajumbe watatu walimtazama Mwenyekiti, kisha viatu vyao. Bi Stamili aliandika kwamba Fundi amekohoa.

Mashine yenyewe haikuwa na aibu. Iliona zahanati, ikaona haina muuguzi, na kwa utaratibu wake ikapiga barua palepale: Sista Angelista arudi Mkwiji mara moja, na boksi za dawa zimfuate. Barua ikaenda.

Mwenyekiti aliinuka, akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu wajumbe, hii programu ina kasoro kubwa," alisema kwa ile sauti ya mazishi. "Inarudisha. Taifa haliwezi kuendeshwa na kitu kinachorudisha tu bila busara. Kuna vitu tulivyovipoteza, na kuna vitu ambavyo hatukuvipoteza, tuliviweka kando. Mashine iliyokomaa lazima ijue tofauti."

Wajumbe waliafiki. Akaagiza Mkwiji ifutwe tena upesi. Fundi Ezra akamkumbusha, kwa adabu sana, kwamba Mkwiji ikifutwa kidole cha bibi kinakufa, na mlango haufunguki. Basi, akasema Mwenyekiti, ifutwe zahanati peke yake. Bi Stamili akasoma kifungu cha kumi na moja cha sheria yake: kilichorejeshwa katika majaribio kisiguswe mpaka wote saba watie sahihi, ili matokeo yasichezewe. Mashine nayo ilikuwa imefungwa hivyo hivyo.

Mwenyekiti akakaa. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. Alikuwa amejijengea nyumba nzuri sana, akasahau kuiwekea mlango.

*

Taarifa ikaandikwa kwa siku moja, kurasa mia mbili na kumi na nne. Ilisema mshindi ni Ngao. Ilisema mara tu sahihi ya saba itakapowekwa na mlango kufunguliwa, Ngao itaanza kazi nchi nzima, na kila kata itarudi kwenye hali yake bora ya miaka kumi na miwili iliyopita. Zahanati yetu ilijengwa miaka minane iliyopita.

Sita wakatia sahihi. Karatasi ikaja kwangu. Mwenyekiti alikivuta kiti chake karibu, akaniongelesha kwa upole, na sidhani kama upole wote ulikuwa wa uongo.

"Mama, najua una binti anayekungoja. Weka sahihi tu hapa. Saa hii uko stendi, jioni uko naye."

"Na Sista Angelista?"

"Ataitwa arudi alikotoka. Mama, wewe si ndiye mkunga wake? Wazee wetu walizaliwa mikononi mwa akina nani?"

Niliitazama mikono yangu. Inajua kukanda. Inajua kuosha mtoto bila kumtisha, na kupima maji kwa kiwiko. Kule kwenye tela la trekta niliiweka hii mikono pale damu ilipokuwa ikitoka, nikaibana, nikaomba, na haikujua kuizuia. Sista angejua. Nikitoka, Sikudhani atanipata mimi. Nisipotoka, atampata Sista. Sikuwa na njia ya kumpa wote wawili.

Kalamu ilikuwa mkononi. Nikauliza kama naruhusiwa kuisoma kwanza.

Mwenyekiti akasema ni taarifa ya kitaalamu, itanichosha bure. Bi Stamili, bila kuinua uso, akasoma: "Kifungu cha kumi na tisa. Mjumbe atasoma taarifa yote kabla ya kutia sahihi, kwa kasi yake."

"Kasi yako ni ipi, Bibi?" aliuliza Fundi Ezra, na nikaona anajizuia kucheka.

"Mimi nasoma kwa kidole, baba," nikamjibu. "Neno kwa neno."

*

Mlangoni kulikuwa na kidirisha cha kupitishia chakula, na nje yake askari, Afande Sungusia. Alikatazwa kutupa habari zozote za nje. Lakini kazi yake nyingine ilikuwa kumpigia kila siku mtu wa kuarifiwa, kumhakikishia kwamba mjumbe hajafariki. Hivyo kila saa kumi alisimama karibu na kidirisha, akampigia Bi Kilua kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, na kila alichoambiwa alikirudia chote, ili asikosee.

"Unasema umesikia hajafa, na nyie hamjafa. Unasema Sista Angelista amefika na begi lake. Mmevunja kufuli. Unasema maua ya kopo hayakumwagiliwa. Sawa, nimeandika."

Nilikuwa ukurasa wa tisa.

Siku ya Jumapili nilikuwa ukurasa wa thelathini na mbili, kwenye maelezo ya rangi za maboksi. Mwenyekiti alikuwa amejilaza kwenye viti viwili. Saa kumi Afande Sungusia akapiga simu, akasikiliza muda mrefu kuliko siku zote, hata kidole changu kikapoteza mstari.

"Rudia," alisema. "Damu ilitoka nyingi. Sista akamchoma sindano. Ikakata. Ikakata, umesema? Mtoto wa kike. Analia sana. Mama yake amekula uji." Kisha akasema polepole, "Na anauliza mama yake yuko wapi."

Wajumbe watatu walisimama. Hakuna aliyewaambia wasimame. Yule wa biskuti alikuwa akijifuta uso kwa karatasi ya alama. Nilikwenda kwenye kidirisha nikamwomba Afande, kama si kosa, amwambie Bi Kilua maji yawe ya moto lakini ayapime kwa kiwiko kwanza, na asimkande tumbo mpaka Sista aruhusu. Alisema kupokea ujumbe wa ndani ni kosa kubwa. Halafu akayarudia yote kwenye simu, kiwiko na kila kitu, akisema anajisemea mwenyewe.

Mwenyekiti naye hakuwa mtu mbaya saa hiyo. Alinyanyuka kwenye viti vyake, akaileta taa ya mezani, akaiweka karibu na ukurasa wangu.

"Mama umepata mjukuu, hongera," alisema. "Sasa soma upesi."

*

Hii ninayowasimulia naiandika nyuma ya karatasi za alama, wakati wa mapumziko. Arobaini ya mtoto inakwenda. Zimepita siku ishirini na sita, na maji yake anachemsha mwanamke mwingine. Tangu zahanati ifunguliwe Mkwiji wamezaliwa watoto watano, na Afande Sungusia amenitangazia uzito wa kila mmoja. Jina la mjukuu sijaambiwa. Wanasema wananingoja mimi nimpe.

Jana asubuhi nilifika mwisho wa ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Nilipofunga taarifa wote walisogea. Mwenyekiti alikuwa amepungua sana, koti lilimning'inia. Alinifungulia kalamu yeye mwenyewe. Mlangoni taa saba zilikuwa kijani, zimepangana vizuri. Ng'ambo ya taa zile kulikuwa na stendi, na barabara ya Mkwiji, na mtoto ambaye sijamshika.

"Nimeimaliza, Mheshimiwa," nikasema. "Imeandikwa vizuri. Ila kuna mahali mwanzoni sikupaelewa, na sipendi kutia sahihi kitu nisichokielewa."

Bi Stamili alisoma kwamba kifungu cha kumi na tisa hakitaji idadi ya kusoma. Safari hii aliinua uso.

Nikafungua ukurasa wa kwanza, juu kabisa, nikaweka kidole chini ya maneno.

"Jamhuri ya," nikasoma, halafu nikaingia kwenye ile nafasi tupu, nikasimama. "Hapa panasomwaje, mwanangu?"

Mwenyekiti akamtazama Fundi, Fundi akamtazama Katibu. Mjumbe mmoja alisema jina, wa pili akasema si hilo, wa tatu, kwa mara ya kwanza tangu tufungiwe, akakataa kuafiki.

Nikavuta sweta begani, nikawangoja wakumbuke.